Mpiga Picha si Mwanakamati wa Harusi Yako

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilichangia harusi ya watu nisiowajua faranga 51,250. Sikuwa kwenye kamati, jina langu halikuandikwa kwenye daftari la michango, na mshereheshaji hakunitaja alipokuwa akiwashukuru wajomba na mashangazi. Nilikuwa nimesimama mita mbili mbele yake, kamera mkononi, sijala tangu asubuhi. Mchango wangu niliujua wiki kadhaa baadaye, nilipoketi chumbani kwangu Masoro na daftari, nikajumlisha na kutoa, kisha nikarudia kwa sababu nilidhani nimekosea hesabu. Sikuwa nimekosea.

Siku za masomo nasoma Kiswahili. Jumamosi na Jumapili napiga picha. Kazi hii ndiyo inayonilipia chumba, na kwa miaka miwili sasa ndiyo inayomlipia mdogo wangu sehemu ya karo ya sekondari. Kwa hiyo nisemapo kwamba nimechoka, sisemi kama mtu aliyechoka na mchezo wake wa mwisho wa wiki. Ninachodai ni hiki: katika sherehe zetu mpiga picha amefanywa mkopeshaji. Hakuulizwa kama anataka kukopesha, halipwi riba, na mara nyingi harejeshewi hata mtaji. Na wanaomfanya hivyo si matapeli. Ni watu wema, wacheshi, waliosoma. Baadhi yao wanaisoma insha hii.

Kwa wasiopafahamu Masoro: ni upande wa mashariki wa Kigali, Wilaya ya Gasabo, mahali ambapo viwanda vya Ukanda Maalumu wa Kiuchumi vimepakana na vyuo na vyumba vya kupanga. Magari ya Volkswagen yanaunganishwa huku tangu 2018. Asubuhi unapishana na wafanyakazi wanaokimbilia getini na wanafunzi wanaokimbilia darasani, na malori yanawatimulia wote vumbi bila ubaguzi. Kwa mpiga picha kijana ni mahali pazuri pa kuanzia. Mfanyakazi anataka picha ya kitambulisho, mwanafunzi anataka picha ya mahafali, mwenye duka anataka picha za bidhaa zake za kuweka WhatsApp, na wote hao siku moja wataoa au wataolewa. Wateja si haba. Ndiyo maana inashangaza kwamba vijana wanne ninaowajua walioanza kazi hii pamoja nami, watatu wameuza kamera zao.

Nitaweka hesabu ya ile harusi ya Agosti hadharani, kwa sababu naamini nusu ya ugomvi wetu na wateja inatokana na hesabu ambayo mteja hajawahi kuonyeshwa. Tulipatana faranga 250,000. Nikapewa arbuni ya nusu, 125,000. Msaidizi wangu, maana mtu mmoja hawezi kuwa upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi kwa wakati mmoja, nilimlipa 40,000. Lenzi ndefu ya kanisani sina, niliikodi kwa 20,000. Usafiri wa pikipiki kutoka Masoro hadi nyumbani kwa bibi harusi, kanisani, bustanini, ukumbini, na kurudi usiku, kwa watu wawili, 15,000. Albamu, kwa kiwanda cha uchapaji mjini, 70,000. Fungu la diski ya kuhifadhia, 10,000. Intaneti ya kupandisha picha mia nne, 5,000. Jumla 160,000.

Halafu kuna kamera yenyewe, kitu ambacho wateja hudhani kinaishi milele kama mlima. Yangu ni Canon 6D, niliyoinunua kwa faranga 650,000. Kifyatuzi cha kamera hiyo kilikadiriwa na watengenezaji wake kuhimili mibofyo 100,000. Niliinunua ikiwa imeshatumika, lakini tujifanye ilikuwa mpya. Harusi moja inakula mibofyo kama 2,500, yaani baada ya harusi 40 nina haki ya kuitegemea ife. Gawanya 650,000 kwa 40, kila harusi inameza faranga 16,250 za kamera peke yake. Kwa hiyo gharama ni 176,250, na mkononi nina 125,000. Ile nusu ya pili haijalipwa mpaka leo ninapoandika. Toa mwenyewe.

Na kama wangelipa yote? Ningebaki na 73,750. Siku ya harusi nilifanya kazi saa kumi na nne. Kuchagua na kuhariri kulichukua kama saa thelathini, kupanga albamu saa sita. Saa hamsini zote. Faranga 1,475 kwa saa, kwa kazi ambayo mjomba mmoja wa bwana harusi aliniambia, akinipigapiga begani, kwamba ni “pesa ya bure, unabonyeza tu.”

Huyo mjomba nimemfikiria sana. Nadhani lugha yenyewe imemsaidia kukosea. Kwa Kiswahili tunasema kupiga picha, na kupiga ni tendo la mara moja: unapiga mlango, unapiga chafya, kwisha. Lakini Kiswahili hichohicho kilikuwa na neno la pili ambalo kizazi chetu hakilitumii tena. Wazee walisema kusafisha picha. Filamu ilipigwa leo, ikapelekwa kusafishwa, na mteja alijua kwamba baina ya kupiga na kupata kuna kazi nyingine inayofanyika gizani, na dawa, na muda. Alirudi siku aliyoambiwa, akalipa, akapewa bahasha yake. Studio kama ile ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza kule Zanzibar mwaka 1930, iliishi miongo mingi katika utaratibu wa namna hiyo. Karatasi ilikuwa mkononi mwa mpiga picha mpaka pesa ivuke meza.

Sasa karatasi haipo. Kusafisha bado kupo, ndizo zile saa thelathini mbele ya kompyuta, ila hakuna anayekuona ukisafisha. Mteja amekuona ukipiga, na kwa macho yake kazi iliishia pale. Ukimwambia subiri wiki tatu anahisi unamficha kitu ambacho tayari ni chake. Ukimtumia picha ndogo zenye jina lako katikati ili achague, anapiga picha ya skrini, anakata kipande chenye jina, anaweka WhatsApp yake, na shauku yake ya kulipa inakufa hapo. Mwenzangu mmoja alikuta picha zake za uchaguzi, zilezile za ukungu zenye jina lake limekatwa nusu, zimechapishwa na kutundikwa ukutani sebuleni kwa mteja. Mteja alimkaribisha chai chini yake.

Hapa Rwanda tumezidi kulirahisisha jambo. Kwa Kinyarwanda cha mtaani mpiga picha ni gafotozi. Wanaisimu wenzangu mtaniwia radhi, najua kiambishi kina kazi nyingi, lakini mimi nikiitwa “wewe gafotozi, sogea” nausikia udogo ndani yake. Hakuna anayemwita mpishi mkuu kwa udogo siku ya harusi.

Nimtaje basi mpishi, kwa sababu ndiye anayenisaidia kueleza chanzo cha tatizo. Mpishi hawashi moto kabla hajalipwa. Mwenye hema hafungi hema. Mwenye ukumbi hatoi ufunguo. Mpambaji, dijei, mwenye gari la maharusi, wote hupokea pesa yao yote au karibu yote kabla ya Jumamosi, na si kwa sababu wanaheshimiwa kunizidi. Ni kwa sababu kazi yao huisha siku ya harusi, na kila mtu anajua kwamba baada ya hapo hawana la kushikilia. Kazi yangu huanza Jumatatu. Na Jumatatu kamati imeshavunjika, mweka hazina amezima simu, mfuko wa michango umetoboka, na maharusi wameamka na madeni ambayo hawakuyapanga: soda zilizoongezwa, basi la pili la wageni, shangazi aliyetoka Rusizi akahitaji mahali pa kulala. Katika foleni hiyo ya madeni mimi ni wa mwisho. Mimi ni kijana, sina mkataba, nimeahidi picha ambazo tayari wamezionja, na nikipiga simu mara mbili naambiwa sina ubinadamu.

“Vumilia kidogo mdogo wangu, unajua harusi ilivyotuacha.” Najua. Nilikuwepo. Ninazo picha mia nne za jinsi ilivyowaacha.

Methali tuliyofundishwa inasema kukopa harusi, kulipa matanga. Nilikuwa naichukulia kama methali. Nitaeleza mbele jinsi ilivyonifikia neno kwa neno.

Kabla ya hapo niwageukie wenzangu wa chuoni na, kwa heshima zote, walimu wangu, maana ni rahisi kumsema mjomba asiyesoma makala za wanafunzi. Kila msimu wa mahafali simu yangu hujaa jumbe za aina moja: “Kaka, wewe ni wetu, tupige tu kidogo.” Kidogo hicho ni watu kumi na watano wakibadilishana joho moja mpaka jua linazama. Akilipa mmoja, wengine kumi na wanne wanamwambia amekuwa mjinga. Na kuna idara moja, sitaitaja wala sitasema ni ya chuo gani, iliyoniita kupiga picha kongamano la siku mbili. Wazungumzaji walilipiwa hoteli, chakula kiliagizwa, mabango yalichapwa kwa rangi. Mimi niliambiwa nitapata fursa ya kujulikana na nikapewa fulana. Fulana ilikuwa kubwa. Nilijulikana kweli, kwa sababu mwezi uliofuata idara jirani nayo ikanipigia simu kuniomba bure.

Nawauliza walimu wangu kwa dhati: mnatufundisha kwamba vijana wajiajiri, mnatupa mitihani kuhusu ujasiriamali, tunaandika insha ndefu za kusifia anayejitengenezea kazi badala ya kuingoja. Sasa kijana huyo amejiajiri, amesimama mbele yenu na kamera. Mtamlipa?

Wengine hunijibu kwamba siku hizi simu inapiga vizuri kama kamera. Nakubali kwa sehemu kubwa. Mchana, nje, uso ukiwa karibu, simu nzuri inatosha, na mwenye bajeti ya simu atumie simu kwa amani. Sina ugomvi naye hata chembe. Ugomvi wangu ni na yule anayesema simu inatosha halafu ananiita mimi. Kama simu inatosha, mbona umenitafuta? Na kama umenitafuta kwa sababu kanisa lina mwanga hafifu na unataka machozi ya mama yako yaonekane, basi kuna kitu unachokijua kuhusu kazi yangu ambacho hukisemi wakati wa kupatana bei.

Kuna na wale wanaochukua bila hata kupatana. Saluni moja ya mtaani kwetu iliweka juu ya mlango bango kubwa la msichana mwenye misuko. Picha ni yangu, msichana ni mwanafunzi mwenzetu, na hakuna kati yetu aliyeulizwa. Nilipomwendea mwenye saluni aliniambia kwa mshangao wa kweli, “Lakini ilikuwa Instagram.” Hakuwa na nia mbaya. Hakuwa amewahi kusikia kwamba Rwanda imo katika Mkataba wa Berne tangu 1984, au kwamba sheria ya nchi ya mwaka 2009 ya kulinda miliki bunifu ilizitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa. Hata mimi nilikuwa nimesikia mwaka huohuo. Tulimaliza kwa yeye kumsuka yule msichana bure mara mbili. Mimi nina nywele fupi.

Viwanda vya ukanda havikopi kwa maneno matamu, vinakopa kwa utaratibu. Kiwanda kikikuita kupiga picha za bidhaa kinataka ankara na risiti ya EBM. Ni haki yake, na ni sheria. Lakini mwanafunzi ambaye hajasajili biashara hana risiti hiyo, hivyo kazi inakwenda kwa mtu wa kati mwenye usajili, ambaye ananipa kazi hiyohiyo kwa theluthi ya bei. Nimesajili mwaka huu. Sasa natoa risiti, na nimegundua kwamba risiti unaitoa leo na pesa inakuja baada ya siku sitini, ila mwenye chumba changu hajui habari za siku sitini.

Nisije nikaonekana kama malaika. Sisi wapiga picha tuna madhambi, na wateja wana sababu za kutuogopa. Kuna wanaochukua arbuni tatu kwa Jumamosi moja kisha wanatuma wadogo zao. Kuna wanaokaa na picha za watu miezi sita. Mimi mwenyewe mwaka juzi niliwachelewesha maharusi wiki tisa kwa sababu ya mitihani, na sikuwaambia ukweli. Niliwaambia kompyuta imeharibika. Bibi harusi aliniandikia ujumbe mmoja tu: “Mama anauliza kila siku.” Nikaona aibu ambayo sijaisahau. Tena sisi wenyewe ndio tunaouana kwa bei. Nikitaja 250,000 kuna mwenzangu atakayetaja 100,000, atafanya hasara, atauza kamera Januari, na mteja atabaki akiamini kwamba bei halali ya harusi ni 100,000. Ninaposema kamati zinatufanya wakopeshaji, ni lazima niongeze kwamba wengi wetu tumejipanga mstari wenyewe.

Lakini kuna jambo linalonifanya nishindwe kulimaliza suala hili kama suala la bei tu. Nchi hii, kuliko nyingi, haihitaji kufundishwa thamani ya picha. Hapohapo Gasabo, katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, kuna chumba ambacho ndani yake zimetundikwa picha walizoleta ndugu wa waliouawa mwaka 1994. Picha za kawaida kabisa: mtu amevaa suti iliyompwaya, mtoto anacheka, maharusi wamesimama. Mtu aliyezipiga alikuwa gafotozi wa mtaani aliyelipwa vijisenti. Na kuna familia ambazo hazikuwa na hata moja ya kuleta. Nyumbani kwetu tuna picha moja ya babu, ndogo, ya kitambulisho, na mama huitoa kwenye Biblia wiki ya tarehe 7 Aprili, anaitazama, anairudisha. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Wanyarwanda hawajui picha ni nini. Tunajua sana. Ndiyo sababu inaniuma zaidi.

Mwezi wa Desemba, miezi minne baada ya ile harusi, saa kumi na moja alfajiri, simu yangu iliita. Alikuwa bwana harusi. Nilidhani amepata pesa. Alisema, “Kaka, nyanya amefariki usiku. Tumetafuta picha yake nzuri nyumba nzima hatuoni. Kwenye harusi ulimpiga.”

Nilimkumbuka mara moja. Kikongwe mwenye mshanana wa rangi ya maziwa, aliyekaa mstari wa mbele na kukataa kabisa kutabasamu kila nilipoinua kamera, mpaka mjukuu wake alipoinama kumwamkia, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Hiyo nilikuwa nayo. Ilikuwa miongoni mwa zile ambazo hawajazipata, kwa sababu nilikuwa nimeshikilia picha kamili mpaka nusu ya pili ilipwe, kama ninavyowashauri wenzangu wote wafanye.

Nilikaa kitandani na simu sikioni. Naungama kwamba tarakimu 125,000 ilinipita kichwani. Ningeweza kuitaja. Ilikuwa saa pekee katika miezi minne ambayo nilikuwa na hakika ya kulipwa, kwa sababu ndugu wote walikuwa wamekusanyika na michango ya msiba imeanza kuingia. Sikuitaja. Nikawasha kompyuta, nikamkata mjukuu pembeni nikabakiza mikono yake mashavuni mwa bibi, nikaituma ikiwa kubwa, bila jina langu. Asubuhi hiyohiyo wakaichapisha. Nasikia ilikaa juu ya jeneza, na watu waliuliza nani alipiga.

Ningefanya hivyo tena. Lakini msinisifu, kwa sababu sifa hiyo ndiyo mtego. Kila mpiga picha anayo hadithi kama hii, na kila mteja, bila kuisema, anajua kwamba tunazo. Anajua kwamba mwishowe tutatoa, kwa kuwa tulichokishika si saruji wala viti vya plastiki. Mwenye viti anaweza kuvichukua viti vyake saa nne usiku watu wakiwa bado wamekalia, na hakuna atakayemwita katili. Mimi nikishikilia uso wa marehemu ni katili. Sawa, na iwe hivyo. Ila basi nisiwekwe katika hali ya kuushikilia. Nilipwe mapema kama mwenye viti.

Niliwahi kufikiria kupeleka jambo lile kwa Abunzi, wale wapatanishi wa ngazi ya Akagari, maana huduma yao ni ya bure na deni kama langu wanalisikiliza. Mzee mmoja wa jirani aliyewahi kuwa mmoja wao alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja: “Mliandikiana wapi?” Nikamwonyesha simu. Jumbe za sauti, alama za moyo, “usijali kaka.” Akatikisa kichwa, akasema kwa upole kwamba mtu akitaka kutoandikiana na mwenzake huanza kwa kumwita kaka.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Nina karatasi moja, kwa Kinyarwanda mbele na Kiswahili nyuma. Inasema tarehe, saa nitakazofika na kuondoka, idadi ya picha, siku nitakayozikabidhi, na kwamba nikichelewa kila wiki mteja anakata asilimia kumi. Kipengele hicho nimejiwekea mwenyewe kwa ajili ya yule bibi harusi wa wiki tisa. Arbuni ni nusu siku ya kupatana. Nusu ya pili inalipwa Alhamisi kabla ya harusi, siku ambayo mpishi naye analipwa. Msaidizi wangu na mimi tunakula. Na kila mkubwa wa pande zote mbili mwenye umri wa kuitwa nyanya au babu napiga picha yake peke yake, naikabidhi siku ya tatu, iwe deni limebaki au halijabaki.

Karatasi hii imenipotezea wateja watano tangu Januari. Mmoja aliniambia kwamba nimekuwa benki. Nilimjibu kwamba nilikuwa benki zamani, sasa nimefunga tawi. Nane wameisaini, na wote nane wamelipa Alhamisi. Sijui kama nane dhidi ya watano ni ushindi. Karo ya muhula huu ya mdogo wangu imelipwa tarehe ya kwanza, si ya mwisho, na hilo halikuwahi kutokea.

Wenzangu wenye kamera, karatasi hiyo nitampa yeyote anayeitaka, bure, na hii ndiyo bure yangu ya mwisho. Lakini tukubaliane kuitumia wote. Nikiitumia peke yangu, mteja atavuka barabara tu. Na nyinyi msiokuwa na kamera, mnaokaa kwenye kamati za ndugu zenu kila Jumapili mkipanga soda na mahema: mpiga picha mwandikeni juu, karibu na mpishi.

Juzi yule bwana harusi ameniandikia tena. Wamepata mtoto wa kike, wamempa jina la yule nyanya, na anauliza nitawatoza kiasi gani kwa ubatizo. Nimempongeza, kwa moyo mmoja. Kisha nikamtumia namba yangu ya MoMo na tarakimu 125,000, bila neno jingine. Alama mbili za buluu zimetokea. Juu ya skrini imeandikwa kwamba anaandika, kisha imeacha, kisha anaandika tena.